Neno Alilobaki Nalo Mama

Mdogo wangu alitueleza kwamba anataka kuwa mtawa tukiwa tunachambua maharagwe nyuma ya nyumba ya mama, kule Kalimoni. Alikuwa ametoka kazini Ruiru asubuhi ile, kwenye kiwanda cha maziwa kilichomwajiri alipomaliza chuo, na nywele zake zilikuwa bado zimelala kwa ile kofia ya wavu wanayovalishwa. Hakuinua macho kutoka kwenye uteo.

"Mami, nataka kuingia utawa."

Mama aliyamwaga maharagwe yaliyokuwa mkononi mwake, akasimama, akapiga ngemi, vile vigelegele vyetu vya furaha, mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Halafu akamkumbatia mdogo wangu pale pale alipokaa, kichwa chake kikazama kwenye leso ya mama.

Ninaelewa kwa nini alifurahi. Mama alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na kila Jumapili padri aliomba kwa Kiswahili kwa ajili ya mapadri na watawa. Watawa aliowajua yeye ni wale wanaoendesha shule na zahanati, wenye pikapu nyeupe, wanaokuja nyumbani Krismasi na keki ndani ya katoni na kuwekewa viti vya mbele kwenye matanga. Katika akili yake ile pikapu ilikuwa tayari imeegeshwa pale langoni, chini ya mparachichi.

Mdogo wangu alisubiri ngemi ziishe.

"Si wale, mami. Hawa ni wa ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya monasteri. Iko hapa tu, upande wa Ruiru, nyuma ya mashamba ya kahawa. Wakiingia hawatoki."

Mama akacheka. "Hata ng'ombe inatolewa nje ikaote jua."

"Kuna bustani. Jua wanaota."

"Na wakitaka kuja nyumbani?"

Mdogo wangu aliokota kijiwe kwenye uteo, akakitupa mbali kabisa. "Hawaji," akasema.

Mama aliendelea kucheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa mzaha na anangoja mwisho wake. Kisha alikaa chini. Baada ya hapo tulichambua maharagwe yote.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule moja hapa Kiganjo, Thika. Neno mtawa nimelifundisha mara nyingi bila kusita: mtawa, watawa, ngeli ya kwanza, tunga sentensi. Jumatatu iliyofuata nilifungua kamusi kubwa ya chumba cha walimu, ile iliyopoteza jalada, nikatafuta kitenzi chake. Kutawa. Kukaa ndani bila kutoka. Kuishi kwa kumcha Mungu, mbali na watu. Juu yake kidogo palikuwa na tawa, jina la zamani la chawa, na hilo lilinichekesha kwa muda mfupi sana.

Mwalimu mwenzangu, mwanamke wa Pwani anayekaa meza ya pili kutoka kwangu, aliniona nimeinamia ukurasa.

"Watafuta nini wewe?"

Nilimwambia. Hakushangaa hata kidogo.

"Bibi yangu alitawa," akasema. "Tangu alipovunja ungo mpaka alipoolewa, na baada ya kuolewa vile vile. Maji aliletewa, sokoni aliendewa. Kwetu kumwita mwanamke mtawa ilikuwa kumsifu."

"Na yeye alipenda?"

Aliendelea kusahihisha daftari lililokuwa mbele yake. "Sijui kama aliulizwa. Huyo ndugu yako ameulizwa?"

"Amejiuliza mwenyewe."

"Basi hapo utamfanyaje?"

Lile swali nililibeba mpaka nyumbani, na sikuwahi kupata pa kulitua. Laiti angekuwa anaolewa na mlevi, ningejua la kusema. Laiti angekuwa anakwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye nyumba za watu, kama wengine tuliosoma nao, ningemshika mkono uwanja wa ndege na kumwomba afikiri tena. Lakini msichana anayesema anakwenda kumwomba Mungu, utamkataza kwa maneno gani? Tena mbele ya mama aliyemfundisha kupiga magoti?

Tulimpeleka sisi wawili, mama na mimi. Tulipita katikati ya mashamba ya kahawa, na nyuma yake tuliona magorofa mapya yanajengwa, vijana wakipandisha kokoto kwa ndoo. Ukuta wa monasteri ulikuwa wa mawe, mrefu, umepandwa maua ya zambarau. Mtawa wa mlangoni, ambaye kazi yake ni kupokea wageni na kushughulika na mambo ya nje, alitupa chai na mandazi. Kisha mlango mwingine ukafunguliwa kutoka upande wa ndani, mdogo wangu akaingia na begi lake moja, akageuka akatupungia mkono, mlango ukafungwa. Haukubamizwa. Ulifungwa taratibu kabisa, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Tulipokuwa tunarudi mama aliniuliza, "Kwani pale ndani kuna baridi?"

Nikasema sijui.

Waliporuhusu wageni, tulikwenda kumwona. Chumba cha wageni kimegawanywa katikati na nondo za chuma, upana wake wa kupitisha mkono tu. Alikuja akakaa upande wake, amefunika nywele kwa kitambaa cheupe. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anacheka. Alituambia wanaamka kabla ndege hawajaamka, wanasali, wanaoka hostia za komunyo za parokia nyingi, na kwamba kwa vile yeye anajua mambo ya maziwa wamempa kazi ya ng'ombe na yogati. Aliongea na mama habari za ng'ombe muda mrefu, ugonjwa wa kiwele, majani ya kulisha wakati wa kiangazi, na mama akasahau zile nondo kabisa. Niliona nilikuwa nimeogopa bure.

Kisha mtawa mwingine akapita nyuma yake, akamwita kwa jina ambalo hatulijui.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni mimi, mami. Nilipewa jina jipya nilipoanza unovisi, yale mafunzo kabla ya nadhiri."

Inafaa nieleze hapa. Sisi Wakikuyu, binti wa pili huitwa jina la mama wa mama yake. Mdogo wangu alikuwa na jina la nyanya yetu, na kwa hiyo tangu akiwa mchanga mama hakumwita kwa jina. Alimwita maitu, yaani mama yangu. Maitu njoo ule. Maitu umefanya nini na kiatu. Hata alipokuwa chuoni, anakaa hosteli kule Kahawa Wendani na kupaka kucha rangi ya kijani, mama alimpigia simu na kusema, "Maitu, umekula?"

Sasa mama alishika nondo kwa mikono miwili. "Mama yangu wamempeleka wapi?"

"Niko hapa."

"Sikuulizi wewe. Nauliza jina ya mama yangu."

Mdogo wangu alinitazama, na mimi nikamtazama. Mama hakulia. Alifunga leso yake, akamuaga kwa heshima, kama anavyowaaga watu wa kanisani, akatoka nje kungoja teksi juani.

Alimsamehe baadaye, au alichoka. Alianza kuwaambia watu "mtawa wangu". Mtawa wangu ametuma yogati. Mtawa wangu anasema mvua itachelewa. Nilimsikia akilisema hilo neno sokoni Juja, akilirefusha, na mwanamke wa viazi akampa nyongeza kwa heshima ya huyo mtawa ambaye hajawahi kumwona.

Kiharusi kilimpata akiwa shambani, anapalilia. Jirani aliyekuwa akichungulia ua siku zote ndiye aliyemwona ameanguka kati ya mistari ya viazi vitamu. Nilimkuta hospitali hapa Thika, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kando, macho yanatazama kila kitu kwa hasira. Hakuwa na neno hata moja. Nilimshika mkono, nikamwambia mimi ni nani, akanitazama kama mtu anayejua vizuri sana mimi ni nani na anashangaa kwa nini ninamwambia.

Neno lilikuja siku ambayo wauguzi walimkalisha kwa mara ya kwanza. Alivuta pumzi, akakunja uso wote, akasema:

"Tawa."

Kwa Kikuyu tawa ni taa. Ile taa ya kubeba mkononi, ambayo mimi na mdogo wangu tuliisomea kabla ya stima kufika kwetu. Niliruka nikawasha taa ya juu ya kitanda, ingawa ilikuwa mchana na jua limejaa dirishani. Akafumba macho, akatikisa kichwa. Nikaizima.

"Tawa," akasema tena, kwa ukali.

Ndipo nikafikiri labda ni neno jingine lililokatika mbele. "Mtawa, mami? Unamtaka maitu?"

Machozi yakamtoka. Nilidhani nimepata. Lakini siku zile machozi yalimtoka kwa kila kitu: kwa uji, kwa shuka, kwa mgonjwa wa kitanda cha pili alipoletewa wageni. Nilipomletea maji alisema tawa. Walipomgeuza ubavu alisema tawa. Mwenzangu wa Pwani alipokuja kumwona na maua, mama alimshika vidole na kumwambia tawa, tawa, kwa sauti ya chini, kama anampa siri.

Nilimwuliza daktari. Alikuwa kijana mpole, aliyevaa viatu vilivyochoka.

"Wakati mwingine linabaki neno moja," akasema. "Akili inatafuta maneno mengi, lakini mdomo unatoa lile lile. Huenda halina maana yoyote, mwalimu. Usilitafute sana."

Asingeweza kuniambia jambo gumu zaidi. Nimekula kwa maneno maisha yangu yote. Nilikaa kando ya kile kitanda nikiliwaza lile neno moja kwa kila upande, taa, mtoto aliyejifungia, kukaa ndani bila kutoka, hata yule chawa wa kamusi, huku mama akinitazama usoni akingoja niseme nimeelewa. Mara nyingi nilisema nimeelewa. Aligeuza uso ukutani.

Nilimleta kukaa nami Kiganjo. Nina vyumba viwili, chini, na hilo lilikuwa bahati kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Mama mmoja wa jirani hukaa naye nikiwa shuleni. Kumeza kulikuwa shida. Chai ilimpalia, wali ulimpalia. Kitu kilichopita bila taabu kilikuwa yogati nzito, na yogati ilitoka monasteri, kwenye ndoo ndogo ya plastiki aliyoileta mtawa wa mlangoni kila alipokuja mjini. Nilimlisha kwa kijiko cha mtoto. Alikula kwa utulivu. Sijui kama alijua imetoka mikononi mwa nani. Nilimwambia kila mara, na kila mara alifungua mdomo kwa kijiko kinachofuata.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ndani ya nadhiri za muda. Nadhiri za daima zilikuwa bado. Nilikwenda peke yangu, nikakaa mbele ya zile nondo, na sikumsalimu.

"Toka," nikamwambia. "Toka umtunze. Hata mwaka mmoja. Mungu hatakwenda popote."

Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya kuoshea ndoo za maziwa.

"Nilimwuliza Mama Mkuu," akasema. "Siku ile ile uliyopiga simu."

"Akakataa."

"Hakukataa. Alisema niko huru. Alisema nikitaka kwenda, atanitafutia gari mwenyewe, na hakuna dada hapa atakayenisengenya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Njia nzima kutoka Thika nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia huyo Mama Mkuu: kwamba ninyi mnawaficha watoto wa watu, kwamba hata jela ina siku ya kutoka. Sasa sikuwa na wa kumwambia.

"Kwa hiyo unakuja," nikasema.

"Nimekaa na hilo neno wiki nyingi, dada. Nikitoka, sitarudi. Najijua. Nitamwona mama, nitaona vile umechoka, nitatafuta kazi, nitabaki. Na kila siku nitakuwa pale nikiwa siko."

"Na mimi? Mimi niko pale nikiwa niko."

"Najua."

"Hujui. Unajua kumgeuza mama yako saa ambazo hana nguvu, na yeye anaona aibu? Unajua akikuita na hujui anataka nini?"

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chuma. "Ananiita?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jambo jepesi, na huenda lingekuwa kweli. Pengine angetoka siku ile ile, na kitambaa chake kichwani.

"Anasema tawa," nikasema. "Daktari anasema huenda si kitu."

Nje ng'ombe mmoja alilia, mdogo wangu akageuza sikio upande huo bila kujua, na nikajua kwamba hatakuja.

"Mlete," akasema mwishowe. "Nakuomba. Mlete nimwone."

Nilimpeleka mwezi wa masika, siku ambayo mvua ilipumzika. Dereva wa teksi alinisaidia kushusha kiti, na mtawa wa mlangoni akaweka mbao juu ya ngazi. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Nilimsogeza mpaka magoti yake yakagusa ukuta ulio chini ya nondo, na mdogo wangu akapiga magoti upande wake ili nyuso zao ziwe sawa.

"Mami."

Mama alimtazama muda mrefu sana. Kisha mkono wake wa kushoto, ule wenye uhai, ukapita kati ya nondo, ukamshika mdogo wangu kifundo cha mkono. Hakusema tawa. Mdogo wangu alimwambia habari zote: ndama aliyezaliwa, mparachichi wa ndani uliokataa kuzaa, jinsi anavyomtaja kila asubuhi kabla ya kumtaja mtu mwingine. Alizisema kwa Kikuyu, kwa sauti ile ya zamani, ya msichana wa kucha za kijani. Mimi nilikaa nyuma kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu kile kiharusi, sikuwa na kazi ya kufanya.

Kisha kengele ikalia.

Huko kengele ikilia wanaacha walichoshika. Waliniambia hivyo tangu mwanzo: anayeshona huacha sindano katikati ya mshono. Mdogo wangu alibusu ule mkono, akajaribu kusimama. Mama hakuachia.

"Mami, lazima niende kusali."

Mama alikaza. Nilishangaa nguvu zilizokuwa kwenye ule mkono mmoja. Kifundo cha mdogo wangu kiligeuka chekundu. Alijaribu kwa mkono wake mwingine, kwa upole, akashindwa, au hakuweza kujilazimisha. Milango ilikuwa ikifunguka na kufungwa ndani huko, nyayo nyepesi zikielekea kanisani. Akainua macho akanitazama juu ya kichwa cha mama.

"Dada, nisaidie."

Nilisimama. Nilipiga magoti kando ya kiti, nikapitisha mikono yangu kati ya nondo, nikavifungua vidole vya mama, kimoja baada ya kingine. Nilianza na kidole kidogo. Nikifungua cha pili, cha kwanza kilirudi. Mama hakunitazama, alikuwa anamtazama yeye tu, na pumzi yake ilikuwa ikitoka kwa sauti, kama mtu anayepanda mlima. Nilipofungua kidole gumba nilihisi mkono wote umelegea, na mdogo wangu akaondoka bila kugeuka, akikimbia kidogo, akijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Baadaye tukasikia wanaimba. Nilisimama pale nimeushika mkono wa mama, nikajaribu kuichambua sauti ya mdogo wangu kutoka kwa zile nyingine. Niliijua ile sauti tangu kuzaliwa kwake, nikashindwa kuipata.

Nadhiri za daima alizitoa baada ya mavuno. Mama alikuwa na homa ya mapafu, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Mdogo wangu alilala kifudifudi sakafuni, mikono ameitandaza, wakamfunika kwa kitambaa cheusi kama wanavyofunikwa wafu, wakaimba majina ya watakatifu mmoja mmoja. Nililia kwa sauti, na mwanamke aliyekaa karibu nami, mgeni, akanipigapiga mgongoni akidhani ni kwa furaha. Mdogo wangu alipoinuka, uso wake ulikuwa na alama ya sakafu shavuni, na ulikuwa uso wa mtu aliyefika. Hilo sitalikana. Nilitafuta majuto juu yake kwa bidii zote nilizokuwa nazo, na hayakuwepo. Tulipewa pilau uani. Mdogo wangu mwenyewe aliniletea sahani mpaka kwenye nondo, akaniuliza kifua cha mama kinaendeleaje.

Mama alipona homa ile. Bado yuko nami. Siku hizi ameongeza maneno machache: hapana, moto, na tusi moja la Kikuyu linalomchekesha jirani yetu. Jioni ile ya nadhiri, niliporudi, nilivua viatu, nikakaa kitandani kwake, nikamweleza kila kitu, kitambaa cheusi, nyimbo, pilau, alama ya shavuni. Alisikiliza akitazama dirisha, ambako watoto wa ploti yetu ya kupanga walikuwa wakicheza kati, mmoja akikwepa mpira wa karatasi katikati ya wenzake. Nilipomaliza alisema neno nisilolijua, si Kikuyu wala Kiswahili.

"Sema tena, mami."

Akasema tena, polepole, akinisaidia.

"Ndiyo," nikamwambia, bila kulitafutia maana, nikaenda kupasha uji.